Mchanga na Chumvi

Lori la zege lilifika saa kumi na mbili asubuhi,
Juni ya mwaka themanini na saba, mtaani kwetu Saskatoon,
na Baba, Orest Hnatiuk, fundi wa reli,
alikuwa amezishindilia kokoto siku tatu,
akizipiga kama mtu anayedai deni.
Zege halilali. Kufikia adhuhuri lilikuwa limetandazwa,
inchi tano, maana nne, alisema, ni za wavivu,
likiinama kidogo kutoka gereji hadi barabarani
ili maji yasipate pa kukaa yakafikiri.
Niliandika L yangu pembeni kwa msumari.
Alijifanya hakuona.

Kesho yake alilikata mistari kwa msumeno.
"Litapasuka tu, Lesia. Kila zege hupasuka.
Kazi yetu ni kulionyesha pa kupasukia."
Kisha magunia yaliyoloweshwa, siku saba,
na usiku aliamka kuyamwagia maji tena.
Mama aliegesha gari kwa Bwana Lindqvist mwezi mzima,
akinung'unika kwamba hata yeye, aliponizaa,
hakuachwa alale muda wote huo.

Hudumu miaka mingapi? walimwuliza kanisani.
Thelathini, ukilitunza. Ukilitupa, kumi na tano,
na mitano ya mwisho utaona haya kupokea wageni.
Basi kila mwaka wa tatu, Septemba,
brashi, sabuni, siku mbili za jua kavu,
ndipo dawa ya kinga, nyepesi kama chai ya rangi.
Doa la oili lisilale hapo hadi asubuhi.
Ufa unaomeza sarafu uzibwe
kabla maji hayajaingia, yakaganda, yakavimba.
Sepetu la plastiki, si la chuma.
Na chumvi, kamwe! Mchanga.
"Chumvi ni ya viazi."

Februari ile, miaka sita sasa,
jua la mchana liliyeyusha, usiku ukagandisha.
Alitoka na ndoo yake ya mchanga
na hakufika katikati.
Zege lake mwenyewe lilimpokea kisogoni.

Nimekuja kiangazi hiki nikakuta uso wake umebambuka
kama bega lililochomwa na jua,
kokoto zinachungulia, vumbi jeupe kwenye viatu.
Nikamwita fundi, kijana wa kina Desjarlais.
Aligonga kwa nyundo huku na huku,
ameinamisha sikio, akitafuta panapoitika utupu.
"Nani kaweka chumvi hapa?"
Mama akatazama miti ya jirani.

Jioni niliyaona, nyuma ya mashine ya kufulia:
magunia matupu ya chumvi, kumi na moja,
yamekunjwa vizuri kama shuka za wageni.
Sikusema kitu. Ningesema nini?
Kila alfajiri ya barafu, miaka sita,
mwanamke wa miaka sabini na tisa, kwenye gauni la kulalia,
akilitia chumvi lile jitu lililomuulia mume,
gao kwa gao,
wala sijui kama alikuwa analiadhibu
au anamtafutia tu mtu wa posta njia ya kupita salama.

Fundi alisema uharibifu ni wa juu juu.
Chini, kwenye ile inchi ya tano, bado ni jiwe.
Tulikwangua, tukaosha, tukapaka safu mpya nyembamba,
tukaiacha mistari ya Baba ipumue.
L yangu ilizama nusu; imebaki kama mkuki.
Niliacha gerejini magunia manne ya mchanga,
nikabandika karatasi ukutani: majira haya ya kwanza,
hata chembe moja ya chumvi, hapana.

Januari alinipigia simu.
"Nimevichanganya," alisema. "Kwenye ndoo moja.
Nusu ya baba yako, nusu yangu."
Kisha, baada ya kimya kirefu, akauliza
ile dawa ya kinga hupakwa mwezi gani.